Ibn al-Haytham na Buibui la Usiku

Kumi la mwisho likiingia, maduka ya nguo hukesha. Watu hujazana baada ya taraweh, na kukipambazuka kuna dada atakayefungua mfuko akute buibui alilolidhania jeusi kumbe ni la buluu iliyokoza. Muuzaji hakumdanganya. Ni taa.

Mambo haya aliyachunguza Mwislamu mmoja miaka elfu iliyopita. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu na mwaka 965, kisha akahamia Cairo zama za khalifa al-Hakim. Wanahistoria wanasimulia kwamba alikuwa ameahidi kuyadhibiti maji ya mto Nile, akashindwa, ikabidi ajitie wazimu kuiokoa shingo yake mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021.

Kitabu chake, Kitab al-Manazir, kina juzuu saba. Humo hatosheki na "fulani kasema". Anakwambia nenda ukatazame. Chukua kitu cha rangi iliyokoza, buluu au zambarau, ukiweke penye mwanga hafifu: utakiona cheusi. Kitoe kwenye mwanga mkali, rangi itachangamka. Pitisha mwanga kwenye gilasi ya kinywaji chekundu (yeye alitaja mvinyo, sisi tutumie sharubati), na kitambaa cheupe kilicho nyuma yake kitapata wekundu. Hata nguo nyeupe ya mtu apitaye bustanini huchukua ukijani wa majani.

Kulikuwa na mzozo pia. Je, gizani nguo nyekundu bado ni nyekundu? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishikilia kwamba pasipo mwanga rangi haipo hasa, kitu kina uwezo wa rangi tu. Ibn al-Haytham yeye aliegemea kwamba rangi ni ya kitu chenyewe, nayo hufika machoni ikiandamana na mwanga.

Hapa tuseme kweli, maana sisi vijana tunapenda kujisifu ati Waislamu waligundua kila kitu. Ibn al-Haytham hakujua kwamba mwanga mweupe wenyewe ni mchanganyiko wa rangi. Hilo alilionyesha Mwingereza Isaac Newton katika maandishi aliyochapisha mwaka 1672, miaka 100 kamili baada ya kitabu cha Ibn al-Haytham kupigwa chapa kwa Kilatini mjini Basel. Newton aliumulika unga mwekundu kwa mwanga wa rangi moja moja. Ukimulikwa kijani, unaonekana kijani. Ukimulikwa buluu, buluu. Ila kwenye nyekundu ndipo ulipong'aa zaidi.

Yaani kitambaa hakitoi rangi kutoka tumboni mwake. Hurudisha sehemu ya mwanga kilioupata na kumeza iliyobaki. Buibui lile la buluu lilining'inia chini ya taa ya manjano, yenye buluu kidogo mno. Halikuwa na cha kurudisha, ndipo dada akaliona jeusi.