Mwaka Dala Lilipozaa Basi

Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, nilisikia wenzangu wa rika langu wakisema hali kama ile haijapata kuonekana. Imepata kuonekana. Wazazi wetu waliishi nayo miaka mingi, tena wao hata waliokuwa na fedha mkononi hawakuikuta bidhaa yenyewe dukani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, tukaingia vitani. Vita haijaisha, mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yakavuruga soko la mafuta. Pipa lililouzwa kama dola 3 mwaka 1973 likazidi dola 30 kufikia mwaka 1980. Sisi tulikuwa tukilinunua kwa kahawa, pamba na katani. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mikanda ikazidi kutobolewa matundu.

Magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sukari na sabuni zikawa za foleni, na aliyechoka kusimama aliweka jiwe limshikie nafasi. Mwenye kujuana na muuzaji alipitia mlango wa nyuma. Hilo wazee wetu hawalitaji sana wanapotusimulia usawa wa enzi zile.

Lakini nataka tutazame usafiri. UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974, lilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri na matairi, mabasi yakawa yanalala gereji. Mfanyakazi wa Temeke afike vipi mjini? Alipanda gari la mtu binafsi lililobeba abiria kwa kujificha. Magari hayo watu waliyaita thumni-thumni, kwa nauli yake ya senti 50. Kisheria dereva yule alikuwa mkosaji, na huku jiji linamtegemea.

Mwaka 1983 Serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala. Jina la daladala tunalolitumia hadi leo limetoka hapo.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo watu wasio na kazi inayotambulika waliondolewa mijini kupelekwa vijijini. Simkatai Sokoine. Walanguzi walikuwapo kweli, na bidhaa zilizotupwa vichakani usiku kwa kuogopa msako ni ushahidi tosha. Ninachosema ni kwamba mwenye ghala na kijana mwenye sinia la karanga si watu wa namna moja, na hofu ya mwaka ule iliwafikia wote wawili.

Maana mshahara ulikuwa umekwisha kazi. Karani wa ofisini alifuga kuku uani, mkewe akachoma maandazi alfajiri, mwalimu akashona nguo jioni. Waliita mradi. Mradi ndio uliolisha nyumba. Mshahara ulilipa nauli ya kwendea kazini.

Bajeti ya Juni 1984 ikaruhusu mtu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zake mwenyewe za kigeni, bila kuulizwa sana alikozipata. Pikapu na nguo za mitumba zikaingia, rafu za maduka zikaanza kujaa. Bajeti hiyo hiyo ikaondoa ruzuku ya sembe, na bei ya unga ikapanda. Mama aliyezoea kuacha jiwe kwenye foleni sasa akawa anaiona sukari mbele yake, juu ya kaunta, huku akihesabu fedha zilizobaki baada ya kununua unga.