Mgongano wa Moduli katika Seva ya Wavuti

Mgongano wa moduli ni hali ambapo vipande viwili vya programu, ambavyo kila kimoja hufanya kazi vizuri kikiwa peke yake, huiangusha seva ya wavuti vinapopakiwa pamoja. Katika Apache, seva iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, moduli huingia ndani ya mchakato wa seva yenyewe na kutumia kumbukumbu ileile, kwa hiyo kosa la moja huzidhuru zote. Mfano maarufu ni wa Apache 1.3, iliyobeba nakala yake ya Expat, maktaba ya kuchanganua matini ya XML, huku XML::Parser ya lugha ya Perl, ikiendeshwa kupitia mod_perl, moduli inayoiweka Perl ndani ya Apache, ikileta nakala nyingine. Kwa kuwa majina ya ndani yalifanana, wito uliokusudiwa nakala moja uliweza kuangukia nyingine, na mchakato ukafa. Tiba ilikuwa kuijenga Apache upya bila Expat yake.

Dalili kuu ni mstari katika faili la hitilafu unaotaja ishara namba 11, yaani mchakato umegusa kumbukumbu usiyoruhusiwa. Mstari huo haumtaji mkosaji, na hapo ndipo muda mwingi hupotea bure; njia ya uhakika zaidi ni kuiruhusu seva ihifadhi taswira ya kumbukumbu yake inapoanguka, kisha kuikagua kwa kitatuzi cha gdb ili kuuona mfuatano wa wito uliotangulia anguko. Taswira isipopatikana, mistari ya LoadModule, inayopakia moduli, huzimwa mmoja mmoja katika faili la usanidi, ingawa moduli ambayo kuondolewa kwake kunaleta utulivu si lazima iwe ndiyo yenye kasoro.