Ufa Hushindwa Kwenye Ncha Yake

Kioo cha mbele cha gari kikirekebishwa bila kung'olewa, sifa zote huenda kwa gundi. Historia haiungi mkono hukumu hiyo, kwani gundi ilikuja mwisho. Kwanza kioo chenyewe kilibadilika, kisha wahandisi wakatambua kwamba vita dhidi ya ufa huamuliwa kwenye ncha yake. Mwaka 1909 Mfaransa Édouard Bénédictus alisajili hataza ya kioo cha matabaka, yaani vioo viwili vilivyoshikanishwa kwa utando wa seluloidi. Kioo cha kawaida kilichopigwa jiwe mara nyingi kilivunjika vipandevipande, hivyo hapakuwa na cha kutibu. Kwenye kioo cha matabaka, tabaka la nje laweza kupasuka na la ndani likabaki zima. Hapo ndipo fundi alipopata kazi.

Maarifa ya ncha yalitoka kwa watu walioshughulikia meli na ndege. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba bamba lenye tundu la duara likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu hufika mara 3 ya ule wa bamba zima, liwe tundu dogo au kubwa. Tundu jembamba lililolala kukingama na mvuto huo, lenye urefu mara 100 ya upana wake, huzidisha mkazo mara 201 kwenye ncha. Ndiyo maana kutoboa tundu mwishoni mwa ufa huusimamisha: ncha kali hugeuka kuwa duara. Miaka michache baadaye A. A. Griffith, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alifanya majaribio kwa kioo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1921. Kwa hesabu yake, ufa ukirefuka mara 4, nguvu inayotosha kuuendeleza hupungua kwa nusu.

Mtu anaweza kuikamata hesabu hiyohiyo na kusema: basi ufa mrefu hautibiki, na kutoboa ni kuongeza jeraha. Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Urefu huongeza hatari ufa ukiwa wazi, lakini ukijazwa gundi kutoka mwanzo hadi mwisho, kingo zake hushikana tena na mkazo haurundikani wote kwenye ncha. Hoja ya pili inajibiwa na Inglis: mara 3 ni mzigo mdogo mno kuliko mara 201, almuradi tundu liishie kwenye tabaka la nje bila kugusa utando. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ufa uliofika ukingoni mwa kioo, kwa sababu huko fremu na mtikisiko wa bodi huusumbua kila gari linapotembea. Huo unahitaji tahadhari kubwa, na mara nyingine kioo kipya.

Lilibaki fumbo la ufa unaotambaa polepole kwa siku kadhaa bila kupigwa tena. Mwaka 1967 Mmarekani Sheldon Wiederhorn alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mvuke wa maji huharakisha mwendo wa ufa katika kioo, kwa kuwa maji hudhoofisha vifungo vya kioo pale penye ncha. Kwa hiyo gundi za kudungwa, zilizoenea Marekani tangu miaka ya 1970, hushikanisha kingo na wakati huohuo hufungia unyevu nje. Zikidungwa juu ya maji au vumbi, hazishiki vizuri. Uamuzi wa historia basi uko wazi: anayetibu ufa kwa kupaka gundi juu tu amejifumba macho, hajauzuia ufa. Dereva afunike jeraha kwa utepe safi ili libaki kavu, alipeleke mapema, na amuulize fundi swali moja kabla ya bei: ncha ya ufa utaifanyaje?