Neno "Nyika" na Maana Zake

Mtu akisimama Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia ziwani, akatazama magharibi siku ya anga safi, ataona milima ya ng'ambo, katika nchi ya Malawi. Juu ya milima ile iko nchi pana ya majani, nayo jina lake ni Nyika. Neno hilo ndilo nitakalo kulieleza leo, kwa kuwa lilinipa aibu darasani.

Alihamia shuleni kwetu mtoto mmoja kutoka uwanda wa Usangu. Wenzake wakamwita "mtu wa nyika", wakamcheka. Nami mwalimu wao sikuwakemea, maana nilidhani neno wamelitumia sawasawa. Jioni nilimwona ameketi peke yake, moyo ukanichoma. Basi nikajiuliza, nyika ni nini hata mtu achekwe kwa ajili yake?

Tuanze na watu wa pwani. Kwao nyika ni nchi ya wazi ya bara, yenye majani makavu na miiba, maji machache na watu wachache. Nyuma ya Mombasa iko nyika ya Taru. Hapo kale misafara iliivuka kwa hofu ya kiu. Na reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanyakazi yalikuwa shida kubwa huko. Kwa hiyo mtu wa pwani akisema nyika, husema kama atajaye adui.

Walakini neno halikukaa juu ya nchi tu, likawapanda na watu. Makabila tisa yakaayo vilimani nyuma ya pwani ile, kama Wagiriama, Wadigo, Waduruma na Warabai, waliitwa wote pamoja Wanyika. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kazi Rabai, aliwaandika kwa jina hilo, kama alivyolisikia. Lakini wenyewe hawakulipenda, kwa kuwa lilikuwa na dharau ndani yake. Katika miaka ya 1940 walishika jina lao wenyewe, Mijikenda, yaani miji tisa. Tazameni, nchi yao haikuhama wala haikubadilika. Lililobadilika ni nani anayewapa jina.

Maana hiyo ya pwani ndiyo iliyoingia hata katika Biblia yetu ya Kiswahili. Wafasiri walipotaka neno la mahali alipohubiri Yohana Mbatizaji, walichukua neno nyika. Nao hawakukosa, kwa kuwa nchi ile ya Uyahudi ni kavu kweli. Ila msomaji wa bara asidhani kwamba kila mahali paitwapo nyika pako hivyo.

Maana tukienda mbali na pwani twaona habari nyingine. Katika nchi ya Zimbabwe, Washona wakisema nyika, maana yake ni nchi, tena nchi ya mtu, kwao alikozaliwa. Kwao hakuna dharau katika neno hilo, bali heshima. Na ile Nyika ya Malawi niliyoitaja si jangwa hata kidogo. Ni nchi ya juu, yenye baridi na ukungu, na kilele chake kirefu kinapita meta 2,600. Majani yake ni mabichi, maua yake ni mengi, na mito hutoka humo kushuka ziwani. Tangu mwaka 1965 ni hifadhi ya taifa.

Basi neno hili si la Kiarabu wala la Kizungu. Ni neno la Kibantu, na la zamani sana, ndiyo sababu laonekana katika lugha zilizo mbalimbali hivi. Mimi naona kwamba maana yake ya asili ilikuwa nchi ya wazi, yenye majani, basi. Kila kabila lilipokaa mahali pake, likalitia neno ladha ya nchi yake: aliyeona kiu akalitia kiu, na aliyeona malisho akalitia malisho.

Tena neno hili lilikuwa karibu nasi kuliko tunavyofikiri, kwa kuwa lasikika katika jina la Tanganyika. Burton na Speke walifika Ujiji katika Februari 1858, na Burton alidhani jina la ziwa lile latoka katika neno la kukutana na kuchanganyika. Stanley alisikia maelezo mengine, kwamba ni ziwa lililotandaa kama uwanda. Waingereza walipotafuta jina la nchi hii baada ya vita ya kwanza, yalitajwa majina ya kigeni kama Smutsland na Victoria, yakakataliwa. Na mwaka 1920 likashikwa jina la ziwa. Kwa jina hilo nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1964 ikaungana na Zanzibar. Hakuna aliyelionea haya jina lile siku ya uhuru.

Sasa nirudi kwa mtoto wangu. Ukitoka Njombe, ukapita Makambako na kushika njia ya Mbeya, utateremka hata uwanda wa Usangu. Sehemu kubwa ya nchi ile afadhali iitwe mbuga, yaani uwanda wenye udongo mweusi, ambao masika hujaa maji na kiangazi hupasuka nyufa. Maji ya mito iendayo katika Ruaha Mkuu huenea huko, na watu hulima mpunga mwingi.

Kesho yake niliandika ubaoni maneno matatu: nyika, mbuga, uwanda. Nikawaeleza watoto maana zake, kisha nikawauliza, "Mchele tunaokula sikukuu hulimwa wapi?" Wakanyamaza. Yule mgeni akainua mkono, akasema, "Kwetu, Mwalimu." Nikamwomba atueleze jinsi mpunga unavyopandwa, naye akasimama akaeleza hata kengele ikalia, wala hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, majina ya nchi tumeyapokea kwa wengi, na mengine yametoka katika vinywa vya wapitao njia. Kabla ya kumwita mtu kwa jina la nchi yake, na tuwaulize kwanza waliozaliwa humo wao huiitaje.