Zizi la Mpwapwa: Habari za Ng'ombe wa Mbegu na Watu wa Kazi Yao

Tukumbukapo mwanzo wa Dayosisi yetu tumezoea kuhesabu makanisa, shule na hospitali, na kuwataja waliozijenga. Ni vyema. Walakini iko kazi nyingine chini ya milima ya Kiboriani ambayo si ya Kanisa, nayo imewalisha na kuwafunza watu wengi wa nchi hii, yaani kazi ya kutunza ng'ombe wa mbegu katika shamba la Serikali la Mpwapwa. Haistahili kuachwa nje ya kitabu hiki, kwa maana habari za ng'ombe na habari za misioni zilikutana hapa tangu siku za kwanza kabisa.

Mwaka 1876 Bwana Roger Price, wa Chama cha Misioni cha London, alitoka Saadani akaja Mpwapwa na ng'ombe wanne, ili ajaribu kama magari ya ng'ombe yaweza kupita njia hiyo badala ya wapagazi. Ng'ombe wake wakafika, naye akarudi na furaha. Mwaka uliofuata chama chake kikaleta magari na ng'ombe wengi, na Bwana Alexander Mackay wa CMS akakata barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa kwa ajili ya magari ya chama chake. Lakini mbung'o walikuwako njiani, na ng'ombe wakafa mmoja baada ya mmoja, hata magari yakaachwa na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Hapo wageni walijifunza jambo ambalo wenyeji walilijua zamani, kwamba katika nchi hii ng'ombe hapelekwi mahali kwa sababu mtu ametaka tu. Mwaka 1878 kituo cha CMS kikasimama Mpwapwa, katikati ya watu ambao mali yao, mahari yao na heshima yao vilikuwa zizini.

Kisha ikaja sotoka, katika miaka ya mwanzo ya 1890, ikamaliza makundi tangu Umasai hata Ugogo. Watu waliokuwa matajiri jioni walilala maskini. Na makundi yalipokuwa yamepona kidogo, Vita Kuu ya 1914 ikaleta majeshi ya pande mbili, nayo yote mawili yalikula ng'ombe na nafaka za watu; mvua nazo zikakosa, ikawa ile njaa kubwa ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya. Mambo hayo mawili yapasa kukumbukwa na kila asemaye kwamba Mgogo hupenda wingi wa ng'ombe kwa ujinga. Mtu aliyeona zizi la ng'ombe 100 likibaki na 5 hujua kwa nini baba yake alitaka 100.

Wadachi walikuwa wameweka Mpwapwa kituo cha kuchunguza magonjwa ya mifugo tangu mwaka 1905. Waingereza wakakiendeleza, na katika miaka ya 1930 Mpwapwa ilikuwa makao ya Idara ya Mifugo kwa Tanganyika nzima, chini ya Bwana H. E. Hornby. Yeye aliandika sana juu ya nchi kulishwa kupita kiasi, na mwenziwe Bwana Staples akapima pale pale jinsi maji ya mvua yanavyochukua udongo mahali palipo uchi na mahali penye majani. Shauri lao lilikuwa wenye mifugo wapunguze. Wenye mifugo, kama tulivyokwisha kusema, walikuwa na sababu zao. Basi ikaonekana kwamba, kabla ya kumwambia mtu apunguze ng'ombe wake, ni haki kumwonyesha ng'ombe mmoja ashindaye watatu.

Hii ndiyo asili ya ng'ombe wa Mpwapwa. Kazi ya kuchanganya damu ilishika nguvu katika miaka ya 1940. Walichukuliwa majike wa kienyeji, wadogo wa mwili lakini wavumilivu wa njaa na kupe. Wakapandishwa madume ya Sindhi Nyekundu na Sahiwal, yaliyo asili ya nchi ambayo sasa ni Pakistani, ambako jua ni kali na ng'ombe hukamuliwa vizuri. Ikatiwa damu ya Boran kwa ajili ya nyama, na kidogo sana ya Ankole, na kidogo ya ng'ombe wa Ulaya kama Ayrshire. Ilipofika mwaka 1958 ilihesabiwa kuwa aina mpya imetimia, ikaitwa kwa jina la mji wetu. Katika damu yake karibu theluthi mbili ni Sindhi na Sahiwal, na karibu sehemu moja ya tano ni ya ng'ombe wa kwetu. Sehemu hiyo moja ya tano ndiyo imfanyayo asife mwezi wa Novemba, majani yakiwa yamekwisha.

Kuyasema hayo ni rahisi, na wasomaji wengi hudhani kwamba kazi ya mbegu ni kununua dume zuri na kulifungulia. Sivyo. Dume halitoi maziwa; uzuri wake kwa maziwa haujulikani kwa kumtazama, ila kwa binti zake. Na tufanye hesabu. Dume huzaliwa, hungojewa miaka 2 au zaidi hata aweze kupanda. Jike hubeba mimba miezi 9. Ndama jike akizaliwa, hukua miaka 3 au zaidi kabla hajazaa mwenyewe. Kisha sharti akamuliwe muda wote wa maziwa yake, karibu miezi 10, ndipo ijulikane alitoa kiasi gani. Jumla yake haipungui miaka 7, na aghalabu huwa 8. Basi kijana aanzaye kazi ya mbegu akiwa na miaka 20, hata atakapostaafu hatakuwa ameona vizazi vya madume zaidi ya 4 au 5 vikithibitishwa mmoja baada ya mwingine. Yeye hupanda mti ambao kivuli chake kitakaliwa na mwingine.

Na uthibitisho wote huo husimama juu ya daftari. Kila ng'ombe ana namba yake sikioni. Kila asubuhi na jioni maziwa yake hupimwa na kuandikwa. Kila ndama hupimwa uzito, na baba yake na mama yake huandikwa. Mwandishi mmoja mvivu, aandikaye namba ya jana kwa kuwa asubuhi ilikuwa baridi, au akamuaye kidogo pembeni kwa ajili ya nyumbani kwake asiandike, aweza kumfanya jike mwema auzwe kwa mchinjaji na jike hafifu aachiwe kuzaa madume ya nchi nzima. Kosa hilo halionekani ila baada ya miaka 8, wakati ambapo haliponyeki tena. Waalimu na wawafundishe watoto hesabu wakikumbuka hayo.

Tena ng'ombe wa damu yetu hakubali kushusha maziwa kwa mashine wala kwa mkono wa mgeni. Hutaka ndama wake aletwe, anyonye kidogo, ndipo mkamuaji aanze, naye huacha sehemu ya ndama. Mtoto wa mfugaji alilijua jambo hili kabla hajajua herufi. Kwa hiyo kazini walikutana watu wa namna mbili, mwenye elimu ya zizi na mwenye elimu ya kalamu, na yule aliyekuwa na zote mbili ndiye aliyepanda cheo. Alianza mchunga, au mfagiaji wa samadi, akawa mkamuaji, akijua kusoma na kuandika, ambayo wengi katika Ugogo walifunzwa na waalimu wa misioni, akapewa daftari, kisha akafundishwa kudunga sindano, kukata maksai, kuangalia josho na kutambua ndigana kali na homa ya mapafu, mwisho akatumwa vijijini akaitwa Bwana Mifugo. Taarifa za zamani hutaja mabwana wakubwa, na namba za madume kwa uangalifu mwingi. Wachunga hawakutajwa hivyo. Lakini mkono ulioshika kiwele ndio uliojua kwanza kwamba chuchu ina moto, na jicho la mchunga ndilo lililoona jike aliyejitenga na wenzake chini ya mgunga.

Ni kazi yenye hatari pia. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humshika mtu amzalishaye kwa mikono mitupu, au anywaye maziwa mabichi, ukampa homa ya kurudiarudia na maumivu ya viungo, naye akatibiwa malaria mwaka mzima bila kupona. Kimeta huua. Na mshahara wa mtu wa zizini haukuwa mwingi hata siku moja. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20 katika kazi hii hii ya kuzalisha wanyama, akaona joto mchana na baridi usiku, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Walioifanya kazi hiyo Mpwapwa walipoisoma sura ile hawakuhitaji kuelezwa.

Mengi yamebadilika. Sotoka imekwisha duniani. Ilitangazwa mwaka 2011. Mafunzo ya mifugo hutolewa katika chuo kilichopo Mpwapwa, ambacho ni kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, na wasichana husoma humo pamoja na wavulana. Atakaye digrii huenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Shamba lenyewe liko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mbegu za madume hugandishwa zikapelekwa mbali pasipo dume kutembea hatua moja, jambo ambalo Bwana Price na ng'ombe wake wanne wangelistaajabia.

Lakini ng'ombe wa Mpwapwa amebaki mchache. Wafugaji wa karibu na miji humtaka ng'ombe wa Kizungu kwa maziwa mengi. Wafugaji wa mbali hubaki na wa kienyeji asiye na gharama. Naye wa katikati, aliyetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya mtu mwenye majani haba na fedha haba, hana wa kumsemea sana. Na kundi likiwa dogo, damu hukaribiana, ndugu humpanda ndugu, na uvumilivu hupungua. Dawa yake yajulikana, nayo ni kuwaweka majike katika vijiji vingi na kuandika vizazi vyao huko huko, kama ilivyoandikwa shambani. Kazi hiyo yataka vijana wanaojua zizi na kalamu pamoja. Wako katika parokia zetu, na wengi wao hurudi jioni na ng'ombe wa baba zao, wakiwa na madaftari ya shule kwapani.