Kabla ya Tovuti Kulikuwa na Ukuta wa Duka

Siku hizi kila mwenye biashara anaambiwa afungue tovuti, na ukurasa wa mwanzo umkamate mgeni chap kabla hajaondoka. Watu wanadhani somo hilo limekuja na intaneti. Asikwambie mtu! Kasulu na Kibondo walishalisoma, na darasa lilikuwa barabarani.

Kwa miaka mingi njia ya Kibondo kwenda Kasulu ilikuwa vumbi jekundu kiangazi, tope masika. Basi linatambaa, abiria ana muda wa kusoma ukuta mzima wa duka: jina la mwenye duka, anachouza, msemo wa kuchekesha na "karibuni wote" juu yake. Fundi wa mabango alijaza tu, maana hakuna aliyekuwa anakimbia.

Halafu lami ikaanza kutandikwa, mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu wenye kilometa zaidi ya 260. Piga hesabu. Hata dereva akitii ile 50 ya kwenye makazi, gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Ukuta wa mita 7 unampita abiria kwa nusu sekunde. Mistari sita nani atasoma hapo? Kinachobaki machoni ni rangi moja na neno moja kubwa.

Kampuni za simu waliiwahi hiyo mapema. Walipita nchi nzima na makopo ya rangi, wakapaka kuta za maduka. Celtel mwaka 2008 ikawa Zain, 2010 ikawa Airtel. Duka lilelile, muuzaji yuleyule, ukuta unabadilishwa jina mara tatu! Jina la mwenye duka je? Limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Rangi ya bure kumbe ilikuwa na bei yake: ukimuuliza mtu kanunua wapi anasema "pale kwenye duka jekundu", na mekundu yako mengi mtaani.

Kwenye intaneti mambo yakajirudia. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, walionyesha kwamba mtu anaamua kama ukurasa unapendeza ndani ya milisekunde 50, yaani sekunde moja ukiigawa mara 20. Hapo hajasoma hata neno. Ndiyo maana ule ukurasa mweupe wa Google, wenye jina na kisanduku tu, uliingia vichwani mwa watu wakati Yahoo wamejaza kila kitu kama siku ya gulio.

Sasa mchukue muuza maharage wa Kasulu aliyetengenezewa tovuti kwa muundo wa bure. Mteja wa Kariakoo akifungua anakutana na ghorofa la vioo, wazungu wanapeana mikono, na "Karibu kwenye tovuti yetu". Ni ile rangi ya bure imerudi. Maharage hayaonekani, bei haipo, namba ya simu mpaka ushuke chini kabisa, na bando linakatika njiani.

Alichohitaji ni picha ya gunia lililofunguliwa mdomo, maneno "Maharage ya Kasulu", bei ya kilo na namba ya simu hapohapo juu. Fundi wa mabango angemaliza kazi hiyo kabla ya saa sita mchana, na rangi ingebaki.