Wasifu wa Wachoraji: Nani Anayesimulia?

Mwanafunzi akiulizwa tofauti kati ya wasifu na tawasifu, hujibu upesi kwamba wasifu huandikwa na mtu mwingine, na tawasifu huandikwa na mhusika mwenyewe. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, vitabu vinavyosimulia maisha ya wachoraji vinatuonesha kwamba mpaka kati ya tanzu hizi mbili si ukuta. Katika makala hii fupi tunapendekeza vitabu vitatu, kwa kufuata wakati vilipotolewa, huku tukiuliza swali moja: je, msanii mwenyewe amepewa nafasi ya kusema?

Kitabu cha kwanza ni cha Giorgio Vasari, mchoraji na msanifu majengo wa Italia. Mwaka 1550 alichapisha mkusanyiko wa maisha ya wachoraji, wachongaji na wasanifu majengo, akaupanua mwaka 1568. Ni kitabu kitamu, lakini utamu wake una hatari. Vasari alisimulia kwamba Andrea del Castagno alimuua mchoraji mwenzake, Domenico Veneziano, kwa sababu ya wivu. Uchunguzi wa kumbukumbu katika karne ya 19 ulionesha kwamba Andrea alifariki mwaka 1457, na Domenico mwaka 1461. Kwa karne tatu marehemu alibeba jina la muuaji bila ya kuweza kujitetea. Michelangelo alikuwa na bahati zaidi, kwani alikuwa bado hai. Mwaka 1553 mwanafunzi wake, Ascanio Condivi, alitoa wasifu mwingine ambao wataalamu wengi wanaamini ulitokana na maelezo ya Michelangelo mwenyewe.

Cha pili ni barua za Vincent van Gogh, aliyefariki mwaka 1890. Barua zinazojulikana alizomwandikia ndugu yake Theo pekee ni zaidi ya 600. Theo naye alifariki miezi sita baadaye, na mjane wake, Johanna, ndiye aliyezihifadhi, akazipanga na kuzichapisha mwaka 1914 pamoja na utangulizi kuhusu maisha ya shemeji yake. Watu wengi wanamfahamu Van Gogh kupitia riwaya ya Irving Stone, Lust for Life, ya mwaka 1934. Riwaya hiyo inasomeka vizuri, lakini mazungumzo mengi ndani yake yametungwa. Ushauri wetu ni kuanza na barua.

Cha tatu kinatuhusu sisi moja kwa moja. Kati ya mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana ya kila picha. Katika mojawapo Lumumba na wenzake wawili wamelala wameuawa, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Tshibumba alijiita mchoraji na mwanahistoria. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswahili, yakarekodiwa kwenye kaseti. Kitabu, Remembering the Present, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996 kikiwa na picha 101, na maneno ya Kiswahili yakawekwa baadaye kwenye intaneti.

Kiswahili hicho ni cha Kongo. Upatanisho wake wa kisarufi hautafaulu mtihani wetu wowote, na Kifaransa kimechanganyika humo. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeyasahihisha maneno yale yote, na kwa kufanya hivyo angempoteza Tshibumba. Habari zake mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichobaki ni picha, na sauti yake kama ilivyokuwa.

Hivyo basi, tunawashauri walimu wasiishie kwenye kuwafundisha wanafunzi maana ya wasifu. Kila mji wetu una mchoraji wa mabango, mchongaji au mfinyanzi ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza alianzaje kazi yake. Mwanafunzi aende na kinasa sauti, asikilize, na anakili maneno kama yalivyosemwa. Usanifishaji una mahali pake, lakini haumo ndani ya kinywa cha mtu anayesimulia maisha yake.